Kinyago kinatoa unga, picha imejaa madoa: njia za makumbusho ubavu kwa ubavu, uchague ipi

Wakuu, hii naiandika kwa wale wenye vitu vya sanaa mikononi na hawajui pa kuanzia. Kuna mtu kaachiwa na baba yake picha za Tingatinga za zamani, mwingine ana vinyago vya Kimakonde ofisini, kuna shule ina michoro ya wanafunzi imerundikwa stoo miaka na miaka, kuna hoteli picha ziko ukutani na kila mwaka rangi inazidi kukimbia. Swali la wote ni lile lile, nifanye nini, na majibu wanayopata yanagongana, huyu anasema pulizia dawa, yule anasema tia kwenye friza, mwingine anasema paka mafuta ya nazi kitang'aa chenyewe. Mi natunza stoo ya kikundi cha sanaa hapa Dar kwahiyo haya mambo ndo kazi yangu, na nikifuatilia makumbusho makubwa yanavyotunza vitu vyao naona kipimo kimoja wanachotumia karibu kila mahali: kati ya njia mbili wanachukua ile ambayo ikienda vibaya unaweza kurudi nyuma. Hata kama ni ya polepole, hata kama haing'arishi kitu. Nitalinganisha kwa kipimo hicho hicho.

Kukichunguza kwanza: tochi, taa ya noti, infraredi, eksirei au makaratasi

Hapa watu wengi wanaruka na ndo hapa makumbusho yanatumia muda mrefu kuliko popote. Pale Rijksmuseum, Amsterdam, wana ile picha kubwa ya Rembrandt ya mwaka 1642, De Nachtwacht. Walianza kuichunguza Julai 2019 ndani ya chumba cha vioo katikati ya ukumbi, wageni wanapita wanaangalia kazi ikiendelea, na vanishi ya zamani hawakuanza kuitoa mpaka Novemba 2024. Miaka mitano hiyo jamani, na sehemu kubwa ilikuwa kupiga picha, kupima na kubishana (mwaka 2022 waliikaza upya kwenye fremu yake ya ndani kwasababu kanvasi ilikuwa na mawimbi). Kipimo kimoja tu, mashine inayosoma madini yaliyomo kwenye rangi, kilihitaji skani 56 na kila skani inakula karibu saa 24.

Sisi hatuna mashine hiyo, sawa. Lakini uchunguzi una ngazi, na ngazi ya chini kabisa ni bure.

Tochi ya pembeni ndo ya kwanza. Zima taa za chumba, usiku ndo vizuri, weka tochi ya simu karibu na ukingo wa picha ili mwanga upite kimlazo juu ya uso wake, kila palipobinuka, palipopasuka, palipo na tundu patajitokeza kwa kivuli. Kwenye Tingatinga za hadibodi utaona kitu ambacho mchana hukioni: ile rangi ya kung'aa imeanza kunyanyuka vipande vidogo vidogo kwenye kona, maana hadibodi ikinywa unyevu inavimba pembeni na rangi ngumu iliyo juu haivimbi nayo. Piga picha kila sehemu, andika tarehe. Kwa mwenye vitu nyumbani hii peke yake inajibu nusu ya maswali.

Taa ya urujuanimno ni ile ya bluu wanayokagulia noti feki madukani. Chini yake vanishi ya zamani inatoa mng'ao wa kijani kijani, na mahali fundi mwingine alipopaka rangi baadaye panakaa peusi. Bei ndogo, jibu zuri, ila ni kwa picha zenye vanishi. Tingatinga nyingi hazina vanishi ya juu, zile rangi zenyewe ndo zinang'aa, kwahiyo usitegemee itakuambia mengi.

Infraredi inapita rangi ya juu na kukuonyesha mchoro wa mkaa uliochorwa mwanzo kabla ya rangi. Mfano mzuri ni makumbusho ya Prado, Madrid. Walikuwa na nakala ya Mona Lisa ambayo hakuna aliyeijali, nyuma yake imepakwa nyeusi tupu. Mwaka 2012 wakatangaza kwamba chini ya ule weusi kuna mandhari kamili, na infraredi ikaonyesha masahihisho ya mchoro yanayofanana na yale aliyofanya Leonardo kwenye picha yake, yaani aliyechora nakala alikuwa anachora huku anamwona bwana mkubwa akibadilisha mawazo. Picha ambayo watu walikuwa wanaipita wakaanza kuipangia foleni.

Eksirei inaonyesha vitu vizito, rangi zenye madini ya risasi, misumari, na kwenye kinyago inaonyesha mashimo ya wadudu ndani kwa ndani. Lakini eksirei ina mipaka na hapa nataka usome taratibu kwasababu ndo mfano bora wa kwanini njia moja haitoshi. Makumbusho ya Dresden, Ujerumani, wana picha ya mchoraji Mholanzi Vermeer ya msichana anasoma barua dirishani. Mwaka 1979 eksirei ikaonyesha kwamba kwenye ule ukuta mtupu nyuma ya msichana kuna picha ya Kyupidi (yule mungu wa mapenzi wa Warumi) iliyofunikwa. Wataalamu wakasema basi Vermeer mwenyewe aliifuta, ikabaki hivo. Ikaja kufika 2017 wakati wa matengenezo, wakachukua vipande vidogo sana vya rangi wakaviangalia ukingoni kwa darubini, tabaka kwa tabaka, wakakuta kati ya Kyupidi na rangi iliyomfunika kuna vanishi ya zamani na uchafu. Maana yake miaka mingi ilipita kabla ya kufunikwa, aliyefunika ni mtu mwingine baada ya Vermeer kufa. Eksirei ilisema kuna nini, kipande cha rangi ndo kikasema lini. Lakini kuchukua kipande ni kuitoboa picha, hata kama ni kidogo kuliko chembe ya chumvi, ndo maana kinakuja mwisho.

Halafu kuna makaratasi, ambayo mi nayaweka juu ya mashine zote kwa vitu vya kwetu. Mgongo wa picha, stika, muhuri wa duka, risiti, picha ya mnato ya sebule ya mwaka fulani, na maneno ya wazee. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kimijikenda pwani ya Kenya akiwa na vigango viwili, yaani nguzo za mbao za kuwakumbuka marehemu, vya ndugu zake waliofariki. Vigango vikaibiwa muda mfupi baadaye. Mwaka 1999 kwenye mkutano Marekani akaona kimoja kwenye slaidi za mtafiti mwenzake, kiko kwenye mkusanyo wa Illinois, cha pili kikaja kupatikana Hampton University, Virginia. Ile picha ndo ilikuwa ushahidi, na 2007 vikarudishwa kwa familia. Baadaye yeye na wenzake wakaorodhesha vigango 294 kwenye makumbusho 19 ya Marekani. Fikiria, picha moja ya kamera ya kawaida imefanya kazi ambayo eksirei isingeweza, maana mbao za kigango kimoja na kingine eksirei inaziona sawa tu.

Kwahiyo chagua kwa swali ulilonalo. Kama swali ni hali ya kitu, tochi. Kama ni je imeguswa, taa ya noti. Kama ni feki au la, basi inategemea: Ulaya yule mghushi Wolfgang Beltracchi alinaswa kwa rangi nyeupe ya titani ndani ya picha iliyodaiwa ni ya 1914, wakati rangi hiyo haikuwa sokoni bado, na stika za nyuma alizobandika nazo zilikuwa za uongo, akahukumiwa 2011. Ila kwa Tingatinga kipimo cha rangi hakikusaidii hivo. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar mwaka 1968 akafariki 1972, alitumia rangi za kawaida za dukani, zile za baiskeli na milango, na waliomfuata walitumia hizo hizo kwenye hadibodi hizo hizo. Sahihi inaigwa kirahisi. Kinachobaki ni historia ya umiliki: nani alinunua, kwa nani, lini, kuna picha ya mnato inayoionyesha? Kama mzee aliyenunua yupo hai, mrekodi wiki hii, usisubiri msiba.

Unga chini ya kinyago: friza, mfuko usio na oksijeni, gesi, au dawa ya kupaka

Hii ndo naulizwa kuliko zote. Kwanza hakikisha wadudu wanaotoboa mbao na kuacha huo unga wapo hai. Futa unga wote, weka kinyago juu ya karatasi nyeusi mahali pasipo na mtikisiko, rudi baada ya wiki moja. Unga mpya umeanguka, wapo. Hakuna kitu, huenda ni unga wa zamani unatoka kwenye matundu ya miaka iliyopita. Halafu angalia ni mti gani. Mpingo wa kweli ni mzito kiasi cha kuzama majini (usijaribu kukizamisha lakini) na ile sehemu nyeusi ya ndani wadudu hawaiwezi, wanakula ule ukanda mweupe wa nje ambao wachongaji wengine wanauacha kwa urembo. Kama kinyago chako ni chepesi na kinatobolewa kila mahali, kuna uwezekano mkubwa ni mti laini uliopakwa kiwi ya viatu. Nacho kinastahili kutunzwa, ila ujue una kazi zaidi.

Friza. Makumbusho mengi siku hizi ndo njia ya kwanza kwa mbao na vitambaa. Wao wana friza za nyuzi 30 chini ya sifuri, siku tatu wamemaliza. Friza ya kawaida ya kulala inafika kama nyuzi 18 mpaka 20 chini ya sifuri, kwahiyo unahesabu wiki mbili kamili. Namna yake: kifunge kinyago kwa kitambaa cha pamba au karatasi laini, tia kwenye mfuko mzito wa plastiki, minya hewa itoke, funga kwa selotepu kabisa kabisa, kisha ndani ya friza ambayo tayari imeshapoa vizuri, maana ubaridi ukija polepole wadudu wanauzoea. Ukikitoa, USIFUNGUE mfuko. Kiache siku nzima mpaka kirudi kwenye joto la chumba, matone ya maji yatajikusanya nje ya plastiki badala ya kwenye mbao, ukifungua mapema umekilowesha. Ubaya wake ni umeme, ukikatika katikati unaanza kuhesabu upya, na friza ya nyumbani inayofunguliwa kila saa kutoa samaki haifai. Na sio kila kitu kinaingia. Picha za rangi kwenye kanvasi hapana, rangi ikipoa hivo inakuwa ngumu na kukatika. Pembe, vioo, vitu vilivyounganishwa vifaa tofauti tofauti vilivyobana, hapana.

Mfuko usio na oksijeni. Hapa kitu kinafungwa ndani ya plastiki maalum isiyopitisha hewa, wanaingiza nitrojeni au wanaweka vipaketi vinavyonyonya oksijeni (vya aina ile unayokuta kwenye pakiti za vyakula, ila vikubwa), oksijeni inashuka chini ya asilimia 0.3, wadudu wanakufa kwa kukosa hewa. Wiki tatu au zaidi kwenye joto la nyuzi 25 hivi, na joto likiwa kubwa kidogo inaenda haraka, jambo ambalo kwa pwani yetu ni faida. Uzuri wake mkubwa ni kwamba kitu chenyewe hakiguswi na kitu chochote, kwahiyo inafaa kwa picha, manyoya, ngozi, kinyago chenye shanga na nywele. Kasoro ninayoijua ni kwa ile rangi ya bluu ya Prashia, ikikosa oksijeni inafifia, ingawa ikirudi kwenye hewa huwa inarudi. Ugumu wa huku kwetu ni kupata plastiki yenyewe. Nailoni ya kawaida ya dukani haifai, inavuja oksijeni bila wewe kuona, utasubiri mwezi mzima na wadudu wanaendelea kula.

Gesi ya wapuliza dawa. Watu wanaipenda kwasababu anakuja mtu na mitungi, kesho yake imeisha. Zamani makumbusho yenyewe yalitumia sana methili bromaidi, ila inaharibu tabaka la ozoni na chini ya Itifaki ya Montreal nchi zilizoendelea zilitakiwa kuiacha 2005 na nchi zinazoendelea 2015, ikabaki kwa mambo ya karantini. Fosfini ile ya maghala ya mahindi inaua vizuri, lakini inakula shaba na madini mengine, kwahiyo kinyago chenye nyaya za shaba au sanduku la Kizanzibari lenye misumari ya shaba nyeupe utalitoa na madoa. Na gesi haibaki ndani, wiki ijayo wadudu wengine wanaingia kama kawaida. Mi ningeitumia pale tu ambapo stoo nzima imeshambuliwa na huna namna ya kupitisha vitu kimoja kimoja, na ningemtaka aliyesajiliwa, na ningetoa vyenye madini kwanza.

Dawa ya kupaka, mafuta ya taa, oili chafu. Naomba, kwa yeyote anayesoma hapa, acha. Oili chafu kwenye nguzo ya boma sawa, kwenye kinyago hapana: inaingia ndani, inabadilisha rangi, inakusanya vumbi, na hakuna fundi duniani atakayeitoa yote. Sumu ndo mbaya zaidi kwasababu haiondoki na mtu anayekuja baadaye hajui. Makumbusho ya Ulaya na Marekani karne iliyopita walimwaga aseniki na DDT kwenye mikusanyo yao wakidhani wanaokoa, leo wafanyakazi wanashika vitu hivyo kwa glavu, na baadhi ya vitu vya ibada vilivyorudishwa kwa Wahopi, kabila la wenyeji wa asili kule Marekani, vilipimwa vikakutwa na aseniki, vitu ambavyo watu walitaka kuvivaa na kuvishika kwenye matambiko yao. Mtoto wako atakuja kushika hicho kinyago.

Na kuanika juani? Jua lenyewe wazi linapasua mbao na wadudu wanahamia upande wa kivuli. Kuna njia ya kufunga ndani ya plastiki nyeusi mpaka joto la ndani lifike nyuzi 55, inafanya kazi, lakini inataka kipimajoto na uzoefu. Mi kwa mbao na vitambaa nachagua friza, kwa picha na vitu mchanganyiko nachagua mfuko, na kama sina vyote viwili nakitenga kwenye mfuko uliofungwa kisiambukize vingine mpaka nipate.

Hewa: kiyoyozi, feni na madirisha, au sanduku lililofungwa

Zile nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 50 zilizoandikwa kwenye miongozo mingi ya zamani zilitoka kwenye majengo ya Ulaya yenye mitambo. Makumbusho makubwa yenyewe yamelegeza miaka kama kumi iliyopita, sasa kwenye mikataba yao ya kuazimana vitu vingi wanakubali unyevu kati ya asilimia 40 na 60 na joto la nyuzi 16 mpaka 25, mradi mabadiliko yaende polepole. Hilo neno polepole ndo la kushika. Mbao inayoishi kwenye unyevu wa asilimia 72 bila kuyumba inakaa salama kuliko ile inayopelekwa 50 mchana na 80 usiku.

Ndo maana kwangu mimi chaguo baya kuliko yote ni kiyoyozi cha saa za kazi. Ofisi inawasha saa mbili asubuhi, inazima saa kumi na moja, usiku chumba kimefungwa hakina hewa, kinapanda joto na unyevu, asubuhi kinashuka tena. Kila siku mbao inajikunja na kujinyoosha, rangi iliyo juu inachoka, inapasuka. Kiyoyozi cha masaa 24 ni kizuri sana kama una jenereta na bili haikutishi. Kama huna, feni na madirisha yaliyopangwa vizuri yanashinda kiyoyozi cha nusu siku, kwasababu kuvu anapenda hewa iliyosimama na unyevu ukipita asilimia 65 au 70. Weka vipande vidogo vya mbao nyuma ya fremu picha isiguse ukuta, hasa ukuta wa nje unaolowa masika, acha nafasi ya vidole viwili hewa ipite. Makabati yasibanwe ukutani. Chochote kisikae sakafuni, hata sentimita kumi juu inatosha kuokoa vitu maji yakiingia.

Kwa vitu vidogo, michoro ya karatasi, picha za mnato, khanga za bibi, sanduku la plastiki linalofunga vizuri na silika jeli (zile chembe zinazonyonya unyevu) ndani linawapiku wote, na kipima unyevu kidogo cha kidijitali ukitie humo humo ukione. Silika jeli inachoka, inabidi uikaushe kwenye oveni kila mara, ukiisahau ukaacha sanduku limefungwa na unyevu ndani umemtengenezea kuvu nyumba. Kwa msahaulifu, shelfu la wazi lenye feni ni salama zaidi kuliko sanduku.

Mwanga nitaupitia haraka kwasababu hauna mjadala mwingi. Karatasi, vitambaa na picha za mnato makumbusho yanaziwekea karibu luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga), picha za mafuta karibu 200, wakati jua la adhuhuri nje linafika laki moja. Kilichopauka hakirudi. Kile chumba cha kulala alichochora Mholanzi Van Gogh, kuta unazoziona za bluu zilikuwa za zambarau, nyekundu ndo imekufa kwa mwanga. Kama ukuta wako unapigwa na jua tundika nakala iliyochapishwa, ya asili weka ndani.

Kusafisha na kutengeneza: uitoe yote, usubiri, au uache ilivyo

Nilinganishe makumbusho matatu maana yalipita njia tatu na yote naona yalikuwa sahihi.

Dresden, baada ya kujua Kyupidi hakufunikwa na Vermeer, waliamua kuondoa ile rangi ya juu, kwa kisu cha upasuaji chini ya darubini, kidogo kidogo, na 2021 picha ikaonyeshwa upya ikiwa na Kyupidi. Huko hakuna kurudi, ile rangi iliyotolewa imeondoka. Walithubutu kwasababu walikuwa na ushahidi wa tabaka la uchafu katikati.

Amsterdam, ile Nachtwacht ilikatwa pande zote mwaka 1715 ili itoshee ukutani kwenye jengo jingine, vipande havijulikani viliko. Mwaka 2021 walivitengeneza upya kwa kompyuta wakifuata nakala ndogo iliyochorwa na Gerrit Lundens kabla ya kukatwa, wakavitundika kuzunguka picha kwa muda, kisha wakavitoa. Picha yenyewe haikuguswa hata nywele. Hii njia naipenda sana na inawezekana hata kwetu: picha ya babu imechanika kona? Skani, rekebisha kwenye kompyuta, chapisha, tundika hiyo, na ya asili ibaki na jeraha lake kwenye bahasha.

Na makumbusho ya Van Gogh, hapo hapo Amsterdam, kwa picha yao ya Alizeti. Mwaka 2019 walimaliza utafiti wakakuta vanishi imeshikana na rangi kiasi kwamba ukiitoa unatoka na rangi, wakaamua iachwe. Wakaondoa nta iliyokuwa imeleta weupe, wakarekebisha baadhi ya marekebisho ya zamani yaliyobadilika rangi, wakasema pia picha haisafiri tena nje ya makumbusho.

Wewe uchague ipi? Kwa mtu wa nyumbani, njia ya Van Gogh karibu kila mara. Vumbi lipangue kwa brashi laini ya nywele, ile pana ya kupaka poda inafaa ikiwa mpya na safi, kutoka juu kwenda chini, na kama tochi ilikuonyesha rangi imenyanyuka hata brashi usipitishe. Maji hapana, sabuni hapana, kiazi na mkate vinavyosifiwa hapana, thina hapana kabisa, kwenye Tingatinga thina inayeyusha ile rangi mbele ya macho yako. Wahifadhi wa makumbusho wanatumia pamba na maji maalum, wengine hata mate yao wenyewe kwasababu yana vimeng'enya vinavyolegeza uchafu, lakini wameshajaribu kwanza kwenye pembe isiyoonekana na wanajua rangi ni ya aina gani. Kama picha ina thamani kwako na imeharibika kweli, wapigie wahifadhi wa makumbusho ya taifa ya nchi yako, watakuambia hata kama ni kwa maneno tu, na ukienda nenda na zile picha za tochi. Fundi yeyote atakayesema "niachie, kesho utaikuta mpya" bila kuuliza swali, mshukuru uondoke na picha yako.

Kwa kinyago cha mpingo kisichong'aa, kitambaa kikavu cha pamba tu. Mafuta ya nazi yanapendeza siku ya kwanza kisha yanakamata vumbi na kunuka.

Kwa wanaobeba kinyago kwenda Ulaya, Kanada au Marekani

Hili mara nyingi linasahaulika na linaharibu vitu vingi vya thamani. Mpingo uliochongwa Mwenge au Mtwara umezoea unyevu wa pwani. Ukiufikisha kwenye nyumba yenye hita majira ya baridi, unyevu wa ndani unaweza kushuka mpaka asilimia 25 au 30, na mbao inasinyaa nje haraka kuliko ndani, utasikia mlio usiku, asubuhi uso wa kinyago una ufa. Una chaguo mbili, kukitoa siku hiyo hiyo ukiweke sebuleni, au kukiacha kwenye boksi lake kimezungushiwa nguo za pamba na magazeti, kwenye chumba kisicho na hita, ukifungua kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Chagua ya pili hata kama wageni wanataka kukiona. Kikishazoea kiweke mbali na hita na mbali na dirisha. Na kama kimeshapasuka usijaze ufa kwa gundi ya mbao, kwasababu unyevu ukipanda majira ya joto ya huko ufa unajifunga kidogo wenyewe, na gundi ikiwa imekaa humo mbao inakosa pa kurudi, inapasuka upande mwingine.